Umeme Unafika Mguuni?

Jumamosi, 2 Machi 2024

Saa nne usiku. Taa haiwaki. Chipu ya 555, rezista tatu, kapasita moja, LED nyekundu na betri ya volti 9, vyote viko kwenye ubao wa matundu, na bado giza. LED nimeigeuza. Chipu nimebadili zote tatu nilizonunua Kariakoo. Nalala nikiamini nimeuziwa mbovu.

Jumapili, 3 Machi

Nimempitia mzee jirani anayetengeneza redio. Chipu hata hakuigusa.

“Mwanangu, umeme unafika mguuni?”

“Betri ni mpya, mzee.”

“Betri sijakuuliza. Nimeuliza mguu.”

Nikarudi mbio. Ncha nyeusi ya mita mguu wa 1, nyekundu mguu wa 8: sifuri. Kwenye betri: 9.2. Nikaufuata mstari mwekundu wa pembeni mwa ubao, tundu baada ya tundu, hadi katikati, na hapo rangi yenyewe ina pengo dogo. Chuma kilicho ndani kimekatwa papo hapo! Ubao huu mrefu una nusu mbili zisizojuana. Kipande cha waya kikaziunga, taa ikawaka. Nimeidhulumu chipu bure, chipu aliyoibuni Hans Camenzind mwaka 1971 na inayouzwa mpaka leo.

Ila taa inatetemeka kwa kasi. Nilitaka imete polepole.

Jumanne, 5 Machi

Hesabu: 1.44 gawanya kwa (R1 + 2R2) × C. Kwa kiloomu 1, kiloomu 10 na maikrofaradi 47, inatakiwa imete kama mara moja na nusu kwa sekunde. Nikiweka kiloomu 1 mahali pa 10, napata mara kumi. Ndicho ninachokiona.

Nimechomoa rezista kwanza ndipo nikaipima, maana ikiwa ndani ya saketi mita husoma na njia nyingine. Omu 986. Kahawia, nyeusi, nyekundu. Niliyoitaka ni kahawia, nyeusi, chungwa. Chini ya balbu hii ya njano rangi hizo mbili sizitofautishi. Kuanzia leo kila rezista itapita kwenye mita kabla ya kuingia ubaoni.

Jumamosi, 9 Machi

Nikisogeza mkono, taa ilikuwa ikisita. Mguu wa 4 niliuacha wazi. Nimeuunga kwenye chanya, imetulia.

Mama alisimama mlangoni akahesabu kwa sauti, nami naangalia saa. Sekunde kumi, mimeto kumi na minne.

Kesho nalehemu.