Jumapili Moja kwa Majirani Wetu Wahabeshi

Mwezi huu tunawasimulia safari fupi. Haikuvuka mpaka wala haikuomba karatasi ya ruhusa. Nauli yake ilikuwa ya bodaboda tu, kutoka Kakuma 3 hadi Kakuma 1. Lakini kabla ya kwenda ilitugombanisha nyumbani wiki nzima, ndiyo sababu tumeona inafaa kuandikwa.

Zamani, kabla hatujahamia upande huu, tulikaa Kakuma 1 ukuta kwa ukuta na familia ya Kihabeshi. Wenzetu hawa ni wa siku nyingi hapa. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992, na Waethiopia waliokimbia baada ya serikali ya Mengistu kuanguka mwaka 1991 ni miongoni mwa watu wa kwanza kuletwa. Mama wa nyumba ile alikuwa anauza kahawa. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni: bei, chenji, njoo, kesho. Wakati bibi yetu alipofariki, mama huyo alikuja kwenye kilio siku zote. Alikaa mkekani na wamama wa kwetu, hakusema neno. Jioni alichemsha kahawa katika kile chungu chao chenye shingo ndefu, jebena, akawapa wote waliolala matanga. Hakuna aliyemwomba. Na sukari ile tunajua ilitoka kwenye biashara yake.

Basi naye ametutoka. Mume wake alimtuma binti yao mpaka kwetu kusema kwamba siku ya arobaini inaangukia Jumapili, kutakuwa na ibada na chakula, na baba anasema mje. Kumbukumbu hiyo wao wanaiita tezkar.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Baba yetu ni mzee wa kanisa, na sisi ni Wapentekoste tangu Kivu. Akasema kula na wafiwa si vibaya, lakini ibada ya arobaini ni kuombea marehemu, na kwetu hatuombei marehemu. Tena kule kuna picha na kuzibusu. Watu wa kanisa watasemaje? Mama alinyamaza siku tatu. Siku ya nne akiwa anapepeta maharage akasema, "Yule mama hakuuliza sisi tunaombaje alipokuja kukaa kwenye mkeka wangu." Baba akajibu, "Nyinyi muende. Mie nitabaki." Tukaenda wanne, Mama na sisi watoto wake watatu.

Tulitoka Jumamosi kabla jua halijazama, maana ibada yao inaanza alfajiri, na mtu mwenye akili havuki laga usiku. Tukalala kwao. Tulielezwa kwamba anayekwenda kanisani asubuhi hali kitu kwanza, hata chai, hasa yule atakayeshiriki meza ya Bwana. Mdogo wetu alilia kidogo. Sisi tuliozoea kusema tumefunga siku moja kwa mwezi na kutangaza mbele ya watu, tuliona haya kusikia kwamba wao wanafunga kila Jumatano na Ijumaa, bila nyama, bila maziwa, na kabla ya Pasaka siku 55. Mkimbizi anayehesabu mgao wake wa chakula, halafu anajinyima tena mwenyewe! Binti alicheka tulipomwambia hivyo. Alisema, siku za kufunga mgao unamtosha.

Saa kumi na moja tukatembea. Kila mtu amejifunika shuka jeupe jepesi, netela. Mama hakuwa nalo. Binti akaingia ndani, akatoka na moja iliyokunjwa vizuri, akamfunga Mama mabegani. Hakusema ni ya nani, na Mama hakuuliza, lakini alilia njia nzima.

Kanisa lenyewe ni la udongo na mabati kama mengine ya kambi, ila limepakwa rangi na lina ua mpana wenye miti michache. Viatu vinaachwa mlangoni, vumbi vivyo hivyo. Watu wanainama, wanabusu mlango au ukuta, wanaingia. Tuliona wengine wanabaki uani, wameegemea ukuta, wanasali huko huko. Tulidhani wamechelewa. Kumbe la. Mtu anayejiona moyo wake haujawa safi, au aliyekula, au mama aliyejifungua juzi, anasimama nje na anahesabiwa amesali. Kwetu walio nje ni vijana wenye simu, na mhudumu anatoka kuwafukuza.

Ndani wanaume ni kushoto, wanawake ni kulia. Mbele kuna pazia, na nyuma ya pazia ni mahali wanapoingia makasisi na mashemasi tu. Humo mnakaa tabot, kibao kinachosimama kwa ajili ya Sanduku la Agano. Bila hicho jengo halihesabiwi kuwa kanisa. Pazia linafunguliwa, linafungwa, linafunguliwa tena. Ubani ni mwingi, macho yanawasha. Na mnasimama. Saa moja, saa mbili, zikapita zote mbili na bado mnasimama. Wazee wana fimbo ndefu yenye kichwa kama herufi T, wanaiweka chini ya kwapa au kidevu na kuegemea. Sisi hatukuwa na fimbo. Dada yetu, ambaye kwenye kwaya anacheza saa tatu bila kuchoka, alikuwa wa kwanza kukaa chini.

Lugha ni Kigeez. Hakuna anayeizungumza nyumbani tena, karne nyingi sasa. Wanaongea Kiamhari na lugha nyingine, na sehemu kidogo ya ibada inafanywa kwa Kiamhari. Wazee wetu Wakatoliki wa Bukavu watakumbuka Kilatini kabla ya Mtaguso wa 1962 hadi 1965, ni mambo ya namna hiyo. Kasisi anaimba, shemasi anajibu, watu wote wanajibu, bila kitabu, watoto pia. Tulikuwa wanne tu tusiojua la kujibu. Kwanza ilituchosha. Baadaye, hatujui ni dakika ya ngapi, tukaacha kutafuta maana na tukawa tunasikiliza tu.

Uimbaji huo wanasema ni wa mtu mmoja, Yared, wa karne ya sita. Masimulizi yao ni kwamba alikuwa mwanafunzi mzito, mwalimu akimchapa kila siku, mpaka akatoroka. Akakaa chini ya mti, akamwona kiwavi anapanda na kuanguka mara sita, ya saba akafika juu. Kijana akarudi shuleni. Hadithi nyingine inasema aliimba mbele ya mfalme, na mfalme kwa kusikiliza akasahau mkuki wake juu ya mguu wa Yared ukamchoma, na hakuna kati yao aliyejua mpaka wimbo ulipokwisha. Tumeisimulia kwa kwaya yetu. Mpiga gitaa akauliza kama Yared alikuwa na bafle.

Hilo la bafle tuliseme, ingawa wengine watatukasirikia. Kanisani kwetu miezi mitatu tulichanga kutengeneza kinanda na kununua mafuta ya jenereta. Familia zilizokosa cha kutoa ziliona aibu, moja haijarudi. Kwa Wahabeshi hatukuona waya hata mmoja siku ile. Mwishoni kabisa vijana walileta kebero, ngoma kubwa inayotundikwa begani kwa mkanda, upande mmoja mpana na mwingine mwembamba, wakaimba kwa Kiamhari na wakatikisika taratibu, mbele na nyuma. Ngoma moja na makofi tu. Udongo wa ukutani ulikuwa unatetemeka.

Lakini tusiwadanganye kwamba kila kitu kilitupendeza. Mahubiri yalikuwa mafupi. Hakukuwa na ushuhuda. Kwetu mama ambaye mtoto wake amepotea njiani anaweza kusimama katikati ya ibada, akalia, akasema ndugu zangu nisaidieni kuomba, na watu mia wanapaza sauti pamoja naye. Kule hatukuona nafasi ya mtu wa namna hiyo. Pia walioshiriki meza walikuwa wachache, wengi wao wazee na watoto wadogo, hata wachanga wa kubebwa. Watu wazima wengi wanaogopa kukaribia. Mama alisema pengine sisi ndio hatuogopi inavyotakiwa. Hatujakubaliana juu ya hilo.

Jambo jingine lilitugusa. Kwetu Injili tunaihesabu tangu wamisionari wa Kiswidi walipofika upande wa Uvira katika miaka ya 1920. Hawa wenzetu mfalme wao Ezana wa Aksum aliipokea katika karne ya nne. Hata hivyo kwa zaidi ya miaka elfu moja mkuu wa kanisa lao alikuwa anatoka Misri, na mwaka 1959 ndipo walipopata patriaki wao wenyewe, Basilios. Baadhi yetu shuleni tulifundishwa kwamba dini hii ililetwa na Wazungu Afrika nzima. Basi.

Baada ya ibada tulirudi nyumbani kwa wafiwa. Injera, mchuzi wa dengu, nyama ya mbuzi kidogo. Kisha kahawa, na kahawa ya kwao ni vikombe vitatu: wa kwanza abol, wa pili tona, wa tatu bereka, yaani baraka. Ukiondoka kabla ya cha tatu umeikataa. Kasisi alikuja kubariki mkate, na mzee mwenyewe, kupitia kwa binti, akamuuliza Mama kama nasi tuna watu wetu wa kukumbuka.

Wanaosoma gazeti hili wanajua swali hilo lina uzito gani kwa mtu aliyekimbia mwaka 1998. Bibi yetu ana kaburi hapa Kakuma, tunalipalilia. Lakini wako wengine wawili ambao hatujui wamelala wapi, wala nani aliwafunika, na hawakufanyiwa kilio maana tulikuwa tunakimbia. Kasisi alieleza wazi kwamba katika misa majina yao hayawezi kusomwa, hawakuwa wa ubatizo wao. Hapa kwenye chakula, akasema, anaweza kuwataja. Mama alitutazama sisi watoto. Kisha akayasema majina, polepole, ili yule kasisi aweze kuyatamka. Aliyatamka vibaya, tena mara mbili. Wote waliokuwapo wakasimama.

Jioni tulimkuta Baba ameketi nje. Hakuuliza habari za picha wala pazia. Aliuliza chakula kilikuwaje, akauliza mfiwa anaendeleaje. Mama alimwambia mambo ya majina, hakumficha. Baba alikaa kimya muda mrefu, akichora chini kwa kijiti.

"La mdogo wangu ulilitaja kwanza au la mwisho?"

"Kwanza."

Akasema vizuri. Hatujui kama aliwaeleza wazee wenzake, nasi hatujamuuliza.

Wanaotaka kwenda kuwatembelea wenzetu hao: pikeni Jumamosi, maana mtarudi na njaa. Vaeni soksi mkiwa nazo, sakafu ya alfajiri ni baridi hata hapa Turkana. Wamama wachukue kitambaa cheupe, kikubwa cha kufunika kichwa na mabega. Na kama mna mzee mwenye fimbo, aende nayo.