Kigae Kinachovuma

Jikoni kwa mama kilichobaki ni ubao wa kuziba uwazi chini ya makabati. Fundi ameshashika drili, nikamwambia, "Ngoja kwanza, kaka." Vigae vile aliviweka marehemu baba kwa mkono wake mwaka 2009.

"Matundu mawili tu, dada. Yatafichwa na ubao."

Nikakigonga kimoja kwa kidole. Kikavuma kama debe tupu: chini saruji haikushika, na kigae cha hivyo ukikitoboa kinaweza kupasuka hadi pembeni. (Baba alikuwa dereva, si fundi vigae. Tusifichane.)

Tukakubaliana ubao usifungwe sakafuni kabisa. Akafunga vipande vya mbao chini ya kabati kwa ndani, ubao ukashikwa humo kwa skrubu. Chini tukaacha mwanya wa milimita 3, tukabandika selotepu ya karatasi juu ya vigae, tukajaza silikoni, nikailainisha kwa kidole chenye maji ya sabuni. Siku bomba likivuja, unakata silikoni kwa wembe, unafungua skrubu, basi.

Jioni mama akainama, akapitisha kiganja juu ya kile kigae.

"Hamjakitoboa?"

"Hatujakitoboa, mama."