Maji ya moto ya kijiji cha Vals

Wakati wa likizo kubwa tulimsindikiza mama yetu Uswisi, kwa dada yetu mdogo aliyeolewa kule. Mama anaumwa magoti tangu zamani. Dada akasema: "Kuna kijiji milimani, maji yake yanatoka chini ya ardhi yakiwa na moto. Twende, Mama ajinyooshe."

Kijiji kinaitwa Vals. Tulipanda treni hadi Ilanz, kisha basi la posta likapanda bonde jembamba lenye makona mengi. Mama alifumba macho na kusali, kama tunavyosali kwenye miteremko ya Ngomo tukienda Uvira.

Tulipofika aliuliza: "Sasa nyumba iko wapi?" Kumbe imeingia ndani ya mlima, na paa lake limeota majani. Aliyeichora ni Peter Zumthor, na ilifunguliwa mwaka 1996. Kuta zimepangwa kwa vipande karibu 60,000 vya jiwe la palepale Vals. Hazina rangi wala pambo. Mwangaza unapenya katika nyufa nyembamba za paa. Maji yanatoka ardhini na joto la digrii 30 hivi. Kuna pisini moja ya digrii 42, na nyingine ya baridi ya digrii 14.

Shida ilianza tulipotaka kuingia majini. Nguo ya kuogelea ni lazima, na Mama alikuja na kikwembe chake. Akaketi. "Mimi, bibi wa wajukuu tisa, nionyeshe mapaja mbele ya watu?" Hatukumlazimisha. Alikaa akiangalia wabibi wa umri wake, wenye makovu na mishipa kama yake, wakiingia polepole bila mtu kuwatazama. Baada ya nusu saa akasema: "Leteni hiyo nguo."

Ndani ya maji alishika chuma cha ukutani, akakunja goti, akalikunjua, akacheka. Hatusemi maji yalimponya. Kesho yake maumivu yalirudi. Lakini kicheko kile hatukuwa tumekisikia tangu baba afariki.

Katika basi aliuliza ni nani alijenga. Dada akaeleza: hoteli ya pale ilifilisika, na mwaka 1983 kijiji chenyewe kikainunua. Baadaye wakajenga bafu hilo. Mwaka 2012 wakapiga kura, wakauza vyote kwa tajiri mmoja.

Mama alinyamaza kitambo. Kisha akasema: "Walinunua pamoja, wakauza pamoja. Sisi kule Katana maji yetu ni ya moto kuwashinda, na mawe tunayo. Lakini nilipokuwa msichana tulikuwa tunayachota alfajiri, tunayapoza, tunaoga gizani, kwa kuogopa macho ya wanaume. Ukuta mmoja tu, nani alitukataza kuujenga?"

Tuliporudi, alisimama kwenye mkutano wa likelemba, akaweka mezani franga 5,000. "Hizi ni za jiwe la kwanza," akasema. Wengine walicheka. Katibu akauliza aziandike wapi, maana ukurasa wa ukuta haukuwepo.

Sasa upo. Amefungua ukurasa mpya katika kaye. Mpaka leo una jina moja tu. Wamama, tunawangoja.