Mahame ya Mlimani

Wapo wasemao kwamba kupanda mlima pasipo kutafuta kuni, dawa wala mnyama ni anasa ya wageni. Kwa wenyeji wa Buha, nchi ya Waha huko Kibondo na Kasulu, usemi huo una walakini. Mlima kwao haukuwa mahali pa kutembelea, ulikuwa makazi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kaya nyingi zilitawanyika migongoni mwa vilima, kila moja na mashamba yake na uzio wake.

Mwaka 1972 ilianza Operesheni Kigoma, na watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa kando ya barabara. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini ni amri kwa taifa zima. Mke wangu alikuwa na umri wa miaka sita jamaa zake walipohama.

Kiangazi kimoja tulikwenda kuutafuta mji wa babu yake. Tulifuatana na mbwa wawili wa shemeji yangu, Subira na Watasema. Mbwa wa kijijini mara nyingi hupewa jina lenye ujumbe: mwenyewe humwita mnyama, na jirani husikia aliyokusudiwa.

Tuliondoka alfajiri, baridi ikiuma vidole, ukungu ungali umelifunika bonde la Malagarasi. Mbwa walitangulia wakinusa nyasi. Walipoinua masikio, nasi tulisimama. Njia ya zamani ilikwisha kumezwa na miombo. Mke wangu alituongoza kwa muda wa saa tatu, kisha akasita. Ndipo mbwa, kwa kutafuta kivuli, wakaingia chini ya mkuyu mkubwa. Nyuma ya mti ule minyaa mirefu ilisimama kwa mviringo. Minyaa haijipangi hivyo yenyewe. Ilipandwa kwa mkono wa mtu. Tulikuwa tumefika mahameni.

Aliketi kando ya jiwe la kusagia lililozama nusu ardhini. Baada ya kimya kirefu akasema, "Baba watoto, kama tungalibaki hapa, nisingalijua kusoma, wala nisingalikuwa muuguzi. Lakini bibi alitaka kufia hapa, naye alifia kule chini, katika mvua za mwaka ule ule."

Sikuwa na la kumjibu, kwani yote mawili ni kweli. Shule na zahanati ziliwasogelea watoto. Lakini mche huhamishika, mti mkongwe ukihamishwa hunyauka. Kisha akaanza kunitajia majina ya vilima, vijito na mawe yaliyotuzunguka, nami nikayaandika daftarini. Yalikuwa kumi na mawili. Watoto wetu hawakulijua hata moja.

Shuleni tunafundisha historia ya vijiji vya ujamaa kwa tarehe na maazimio, na hivyo ndivyo ipasavyo. Lakini historia hiyo ina nusu nyingine iliyobaki mlimani, nayo haimo vitabuni. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1972 sasa amepita miaka 70. Mwalimu wa Kibondo au Kasulu anaweza kuwatuma wanafunzi wake, kila mmoja na daftari, wakawaulize wazee: mlihama kutoka kilima gani, na kijito chake kiliitwaje? Swali hilo halihitaji gharama yoyote, ila halitangoja miaka mingi.