Nilichokiona Mbele ya Mlima Homa

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa. Tulimzika baba mdogo, na wanaojua matanga ya kwetu wanajua kwamba siku hizo kompyuta hukaa ndani ya begi. Niliahidi kuendelea na mfululizo wa hifadhidata na nakala rudufu. Leo naandika jambo ambalo si la programu moja kwa moja, ingawa mtaona liko jirani kabisa. Kama ulikuja kutafuta msimbo, pole, pitia tena wiki ijayo :-)

Swali lenyewe ni hili. Ukiona kitu cha ajabu majini, halafu miaka mingi baadaye ukaombwa utoe ushahidi, unashuhudia nini hasa? Kile kilichokuwa majini, au hadithi ambayo umeisimulia mara mia?

Si swali geni kwenye ziwa letu. Waganda wana jina la mnyama mkubwa wa Ziwa Victoria: lukwata. Mwaka 1913, C. W. Hobley, afisa wa utawala wa Kiingereza aliyefanya kazi sehemu hizi za Kisumu, alichapisha makala kuhusu wanyama wasiotambuliwa. Humo imo habari ya Sir Clement Hill, mkubwa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, ambaye akiwa ndani ya boti karibu na Mlima Homa aliona mnyama akijaribu kumkamata mtu aliyeketi mbele ya chombo. Hill huyo ndiye aliyepewa heshima ya meli ya SS Clement Hill, ya mwaka 1907. Kwa hiyo hatuzungumzii mlevi wa bichi. Tunazungumzia bwana mkubwa, na mlima ule ule ambao ukisimama ufukweni upande wa Nyakach unauona ng'ambo ya maji.

Na mimi nina habari yangu, mbele ya mlima huo huo.

Ilikuwa mwaka 2007. Mvua kubwa za mwisho wa 2006 zilikuwa zimerudisha gugu maji kwenye Ghuba ya Winam, na asubuhi ungekuta visiwa vya kijani vimehama kutoka pale ulipoviacha jioni. Nilikuwa mwanafunzi, niko likizo, na baba mdogo alinichukua twende kutoa nyavu. Yeye nyuma na kasia, mimi katikati na kopo la kuchotea maji. Kulikuwa kumepambazuka lakini jua halijatoka. Simu yangu ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, imefungwa fundo mbili. Kamera haikuwa nayo hata hivyo.

Nikaona kitu cheusi, chembamba, kimesimama wima juu ya maji, kama shingo. Kilikuwa kinasogea kuelekea upande ambao upepo ulikuwa unatoka. Baba mdogo akasema kwa sauti ya chini, "Usikiangalie." Akageuza mashua. Nilipotazama tena hakikuwepo.

Hatukutoa nyavu siku hiyo. Baba mdogo hakuingia ziwani tena maisha yake yote. Aliuza mashua, akaja huku Awasi, akaanza kuuza miwa na mahindi ya kuchoma kando ya barabara ya Kericho. Kwa mvuvi hilo si jambo dogo. Kuna watu waliomcheka mpaka uzeeni: mwanamume mzima amekimbia fimbo inayoelea! Kila walipomcheka, alinielekezea kidole. "Muulizeni kijana. Alikuwepo."

Na kijana alisema. Nimeisimulia bwenini, kwenye matatu, ofisini Nairobi, na mwezi uliopita kwenye matanga. Sasa ndugu zangu, watoto wake, wananiomba niiandike na kuitia sahihi, isomwe siku ya ukumbusho. Mmoja aliniambia, "Wewe ni mtu wa kompyuta, bro. Wewe watakuamini."

Hapo ndipo nilipokwama.

Nilipokaa kuandika, niligundua kwamba hadithi ninayoisimulia ina mambo mengi kuliko yale niliyoyaorodhesha hapo juu. Katika hadithi kamili, kile kitu kiligeuza kichwa. Kilikuwa na urefu wa mashua. Naviona vyote viwili nikifumba macho, waziwazi kabisa. Lakini pia nakumbuka baba mdogo, tukiwa njiani kurudi nyumbani, akisema, "Uliona kilivyogeuza kichwa?" Sasa kichwa kile nilikiona ziwani, au nilikiona barabarani, kupitia mdomo wake? Siwezi kutenganisha.

Wanasaikolojia wameshughulikia jambo hili sana. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu za magari yanayogongana. Wengine waliulizwa mwendo wa magari "yalipogongana", wengine "yalipopondana". Wiki moja baadaye, walioulizwa kwa neno lile kali walikuwa wepesi zaidi kusema waliona vioo vilivyovunjika. Vioo vilivyovunjika havikuwemo kwenye filamu. Neno moja la muulizaji liliingia ndani ya kumbukumbu na kukaa humo kama mwenyeji.

Halafu kuna Ulric Neisser. Asubuhi baada ya chombo cha anga cha Challenger kulipuka, Januari 1986, yeye na Nicole Harsch waliwaandikisha wanafunzi 106 jinsi walivyopata habari. Miaka kama miwili na nusu baadaye waliwauliza tena 44 kati yao. Wengi walitoa maelezo tofauti na waliyoyaandika wenyewe, na walikuwa na uhakika nayo. Walipoonyeshwa karatasi zao za mwanzo, hakuna aliyesema, "Ahaa, sasa nimekumbuka."

Sisi wa programu tunapaswa kulielewa hili haraka. Tunapenda kudhani kumbukumbu ni faili la logi: mstari unaongezwa chini, ya juu hayaguswi, kila mstari una saa yake. Kumbe kumbukumbu inafanana zaidi na waraka unaoufungua, unaurekebisha kidogo, na kuuhifadhi kwa jina lile lile. Hakuna toleo la kwanza. Hakuna nakala rudufu. Kila nilipoisimulia kwenye matatu nilikuwa nabonyeza "hifadhi".

Jambo la pili ni mashahidi wawili. Familia inasema, "Walikuwa wawili, watadanganyaje wote?" Hakuna anayemtuhumu mtu uongo. Lakini ukiwa na seva mbili zinazosoma hifadhidata moja, zikakupa jibu moja, hujapata uthibitisho mara mbili. Mimi na baba mdogo tulianza kuongea kabla mashua haijafika ufukweni. Tokea hapo tulikuwa tunasoma faili moja.

La tatu ni ukubwa. Juu ya maji hakuna mti wala nyumba ya kupimia. Kitu cha sentimita 30 kilicho mita 20 kutoka kwako na kitu cha mita 6 kilicho mita 400 vinaonekana sawasawa machoni. Bila umbali, "urefu wa mashua" ni namba isiyo na kipimo. Na ziwa letu lina vitu vyembamba vingi. Kuna mbizi wa Afrika, ndege anayeogelea mwili wote ukiwa chini ya maji, shingo tu iko nje, naye huzama kimya. Kuna chatu, ambao huogelea vizuri. Watu wa Nyakach mnamjua Omieri, yule aliyeungua kwenye moto mwaka 1987. Kuna fisi maji wanaoogelea kwa mstari. Kuna bua la mafunjo lililosimama juu ya kisiwa cha gugu maji. Kila kimoja kinaeleza sehemu ya habari yangu na kinaacha sehemu nyingine.

Nisieleweke vibaya. Sisemi hatukuona kitu. Kuitilia shaka logi si kuifuta. Mfumo ukianguka usiku na logi ikawa imechafuka, bado mfumo ulianguka. Unachofanya ni kutenganisha mistari unayoweza kuitegemea na ile iliyoandikwa baadaye.

Kwa hiyo nimewaandikia ndugu zangu karatasi yenye sehemu tatu. Ya kwanza: ninachokishuhudia. Kitu cheusi, chembamba, wima, kikisogea, maneno "usikiangalie", mashua ikageuzwa. Ya pili: ninachokumbuka lakini siwezi kusema kimetoka wapi. Kichwa, urefu. Ya tatu: yasiyohitaji macho yangu, kwa sababu yana mashahidi wengine. Kwamba mashua iliuzwa. Kwamba watoto wanne walisomeshwa kwa miwa na mahindi ya kando ya barabara.

Binamu yangu mkubwa aliisoma mara mbili. Akaniuliza, "Kwa hiyo unasema baba alikimbia ndege?"

Nikamjibu: ninasema aliona kitu asichokijua, akiwa na mtoto wa kaka yake ndani ya mashua, asiyejua kuogelea. Akageuza. Kama kilikuwa ndege, uamuzi ulikuwa ule ule, maana alipokuwa anauamua hakujua. Nyavu zinanunuliwa tena. Mstari huo nautia sahihi bila wasiwasi wowote, kwa kuwa niko hapa nauandika.

Alinyamaza kwa muda, akasema huo ndio usomwe kwanza.

Ushauri wangu kwenu ni mfupi. Ukiona jambo, andika kabla hujaongea na mwenzako, na yeye aandike lake. Weka saa. Weka upande wa upepo. Ulichokiona kiweke mstari wake, na ulichokifikiria kiweke mstari mwingine. Daftari la shilingi 20 linatosha.

Wiki ijayo tunarudi kwenye nakala rudufu za hifadhidata. Tuonane.