Kabla ya Nauli, Uliza Mvua

Zamani safari ya kutoka Thika au Ruiru kwenda hifadhi ya Hell's Gate, kule Naivasha, ilipangwa kwa daftari. Vijana wa kanisa au wanachama wa chama walichanga kidogo kidogo, mweka hazina akaandika majina, mmoja akatumwa stendi kupatana na mwenye matatu, na noti za kiingilio zikafungwa kwa mpira hadi lango la Elsa la hifadhi hiyo. Mwaka 2007 M-Pesa ilianza, na michango ikahamia kwenye simu. Mwaka 2012 barabara kuu mpya ya Thika ikafunguliwa rasmi. Siku hizi kiingilio hulipwa kwa eCitizen hata kabla gari halijawashwa. Nafuu hii ni ya kweli, wala sitamani daftari lirudi. Ila tumerahisisha kila swali la safari tukaliacha lile zito kuliko yote: mvua imenyesha wapi?

Korongo la Ol Njorowa, lililo ndani ya Hell's Gate, lilichongwa na maji ya ziwa la kale la Naivasha, na hadi leo ni njia ya maji. Kuta zake ni ndefu na laini, mahali pengine watu hupita mmoja mmoja wakishika mwamba, huku maji ya moto yakichuruzika ubavuni. Mvua ikinyesha juu mbali, mkondo hushuka ghafla hata kama jua linawaka korongoni, na aliye chini hana pa kukimbilia. Aprili 2012 mafuriko yaliwaua watu 7 waliokuwa katika ziara ya vijana wa kanisa. Septemba 2019 yakaua 7 wengine, na safari hii mwongozaji wao alikuwa miongoni mwao. Ndiyo maana jibu la kwamba waongozaji wanalijua korongo halinitoshi. Wanalijua kweli, lakini ujuzi wa njia haumwonyeshi mtu aliye kati ya kuta kinachotokea vilimani. Wapo pia wanaosema Shirika la Wanyamapori litafunga korongo kukiwa na hatari. Lilifunga baada ya vifo vya 2019, na lilifanya vyema. Hata hivyo kundi lililokwisha kulipa na kusafiri tangu alfajiri hulishawishi lango, na hujishawishi lenyewe.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la riziki, kwa kuwa waongozaji na wenye baiskeli wanategemea wageni. Lakini hifadhi hii, iliyotangazwa mwaka 1984, si korongo peke yake. Mgeni anaweza kukodi baiskeli, akapita kando ya Mnara wa Fischer, akawatazama pundamilia na twiga, na pesa yake ikabaki Naivasha vilevile. Basi wewe unayekusanya michango, piga simu langoni asubuhi ya safari, kabla gari halijatiwa mafuta, uulize mvua ya jana usiku vilimani. Ukiambiwa imenyesha, waambie wenzako mapema kwamba leo ni baiskeli tu.