Vifaranga wa Bata Huko Tezo

Msafiri atokaye Kilifi kwenda Malindi hupita Tezo, nchi ya minazi na mikorosho. Nilipomzuru shangazi yangu huko, nilimkuta chini ya mwembe akilinda tenga. Ndani yake mlikuwa na vifaranga sita wa bata.

“Walikuwa kumi na mmoja, mwanangu,” aliniambia. “Nilitumaini kupata sare ya shule ya mjukuu.”

Wawili waliloa kwa mvua ya masika, wakafa kwa baridi; maana kifaranga asiyeota manyoya, ingawa ni bata, maji humshinda. Watatu walichukuliwa na kunguru, wale ndege walioletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wasafishe taka, wakaenea pwani yote.

Hasara ilimfundisha. Sasa huwatoa umande ukisha kukauka, kwanza kwa muda wa saa moja, kisha huongeza kila siku. Maji huyatia katika sahani isiyo na kina. Jioni huwarudisha ndani. Tenga haliondoi mpaka wamshinde kunguru kwa ukubwa, wala hawaachi waogelee kabla ya kuota manyoya, yapata majuma manane.

Ndugu msomaji, bei ya tenga ni ndogo kuliko bei ya bata mmoja. Linunue kabla mayai hayajaanguliwa.